"KWA BEI HIYO ULITEGEMEA NINI?" — JIBU KWA WAUZA SAMANI WA MTANDAONI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himidi zote anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na Maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu kidogo, naomba mnivumilie. Mwenye haraka aliweke asome baadaye, ila asiishie njiani, kwa sababu mwishoni nimeweka mambo ya kumuuliza muuzaji kabla hujatuma hata shilingi moja. Nazungumzia vitanda, makochi, makabati na meza zinazouzwa kwa picha kwenye simu zetu. Najua wapo watakaosema shekhe ameacha dini anazungumza makochi. Ndugu yangu, Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin. Anayedhani dini inaishia kwenye mkeka wa kuswalia hajaisoma dini yake.

KISA CHENYEWE

Mtaani kwetu yupo mama mmoja mjane anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga maandazi. Mwaka huu alimwoza binti yake, akataka binti asiingie nyumbani kwa mumewe mikono mitupu. Pesa yake ya upatu ilipofika zamu, akamwomba kijana wake amtafutie kitanda kwenye simu. Wakapata tangazo: kitanda tano kwa sita, mninga mtupu, kazi ya fundi wa Keko, shilingi 320,000, usafiri bure. Picha inapendeza, kichwa cha kitanda kimechongwa maua, rangi inang'aa. Chini yake watu wanashukuru kuwa wamepokea mizigo yao. Mama akatuma pesa yote kwa simu.

Kitanda kikaja baada ya Isha kwenye kirikuu, kimeviringishwa nailoni. Vijana wawili wakakishusha, wakakifunga kwa haraka, wakaondoka. Harusi ikapita salama, alhamdulillah. Wiki ya tatu chaga mbili zikakatika, na ubavu ukapasuka pale skrubu ziliposhika. Walipotazama mahali palipopasuka wakaona mbao nyeupe, laini, yenye vifundo. Mninga ulikuwa rangi tu.

Mama akapiga simu. Yule muuzaji hakukana. Alimjibu: "Mama, kwa bei hiyo ulitegemea nini?" Baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena.

Alipokuja kwangu kunieleza, mimi imamu wenu nikamjibu kwa haraka, kama tunavyojibu wengi: "Mama, rahisi huvunja upishi." Akanitazama, kisha akasema: "Shekhe, mimi sikuomba mninga. Yeye ndiye aliyesema mninga. Angeniambia ni paini, ningenunua paini."

Nikakosa jibu. Na ndiyo sababu naandika leo. Kwanza namwomba radhi mama yule, kwa sababu nilimwongezea machungu pale nilipotakiwa kumpa haki yake. Pili, nataka tuitazame vizuri kauli ile ya muuzaji, kwa sababu imeenea. Naisikia sokoni, naisikia barazani, na sasa inakuja mpaka msikitini: kwa bei hiyo ulitegemea nini?

Alitegemea ukweli. Hicho tu. Na ukweli hauna bei ya juu wala ya chini.

URAHISI SI AIBU, UONGO NDIO AIBU

Tuelewane hapa kabla hatujaenda mbele. Mimi silaumu samani za bei nafuu, na wala siidharau mbao ya paini. Paini inalimwa nchini kwetu, kule Sao Hill, Mufindi, na nyumba ngapi zimeezekwa kwa mbao hiyo? Kitanda cha paini kilichokaushwa vizuri na kuungwa vizuri ni kitanda. Kabati la MDF ni kabati, likikaa mbali na maji. Hata meza ya mbao iliyoshindiliwa kutokana na vumbi na vipande, inayofunikwa kwa karatasi yenye sura ya mbao, ina kazi yake kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja. Mtume wetu (s.a.w.) alilalia mkeka hadi ukaacha alama mwilini mwake, basi nani atamcheka Muislamu kwa kulalia paini?

Mtu akikuuzia paini akasema ni paini, bei mkapatana, hiyo ni biashara halali na ina baraka. Akiipaka rangi akaiita mninga, hapo hata akikuuzia kwa nusu bei amekudhulumu. Dhulma haipimwi kwa ukubwa wa bei. Inapimwa kwa umbali uliopo kati ya kilichosemwa na kilichotolewa.

Mmeisikia hadithi mara nyingi, lakini isikieni tena mkiwa na simu mkononi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule akajibu kuwa mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiuweke ule unyevu juu watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Tazameni mambo mawili. La kwanza, Mtume hakuuliza bei. Hakusema kama nafaka ni rahisi basi mnunuzi astahimili unyevu. La pili, hakuridhika na sura ya juu, aliingiza mkono. Na yule muuza nafaka, jamani, hakulowanisha nafaka kwa makusudi, mvua ndiyo iliyomnyeshea. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Sasa vipi huyu aliyekaa na brashi na kopo la rangi saa nzima ili paini ifanane na mninga?

HOJA ZAO NNE

Nilipoligusia jambo hili baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja wa safu za mbele alinifuata. Naye anauza samani kwenye simu, na si yeye aliyemuuzia yule mama. Aliniletea hoja kwa adabu, na mimi nitazijibu kwa adabu, ila sitazipunguzia ukali.

Hoja ya kwanza: "Bei yenyewe inasema, shekhe. Kila mtu anajua mninga haupatikani kwa pesa hiyo."

Kama kila mtu anajua, umeandika mninga kwa ajili ya nani? Umeandika kwa ajili ya yule mmoja asiyejua. Wewe umemtafuta mjinga wa mbao ukamwekea mtego, kisha unamlaumu kwa kunaswa. Muuza maandazi anajua unga, hamira na mafuta. Si wajibu wake kujua mti. Wewe unayeuza mbao ndiye mwenye wajibu huo. Na ile methali niliyomtupia mama, rahisi huvunja upishi, ni nasaha ya mzee kwa mnunuzi aangalie anachonunua. Haijawahi kuwa leseni ya muuzaji kutia mchanga kwenye mchele.

Hoja ya pili: "Picha ni mfano tu. Wote tunatumia picha za mtandaoni."

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au kondoo asikamuliwe siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Akampa mnunuzi haki: akishamkamua na kuugundua ukweli, akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Sasa niambieni, kiwele kilichojazwa na picha ya kitanda cha Uturuki uliyoiokota mtandaoni vina tofauti gani? Mwenye kondoo hakusema neno la uongo hata moja. Alikiacha kiwele kiseme uongo kwa niaba yake. Nawe umeiacha picha iseme kwa niaba yako. Kama picha ni mfano, andika juu yake, kwa herufi kubwa zilezile ulizoandikia bei, kwamba picha ni ya mfano na kitanda chenyewe ni hiki hapa. Tuone kama mkono hautatetemeka.

Na wale wanaowapanga ndugu na marafiki waandike chini ya tangazo kwamba wamepokea mzigo na wameridhika, wakati hawajanunua hata kigoda: hiyo ni ndugu ya najash, nayo Mtume (s.a.w.) aliikataza. Najash ni mtu asiyetaka kununua kuipandisha au kuisifu bidhaa ili amtie mwenzake hamu. Zamani alisimama sokoni. Leo anaandika "asante, mzigo umefika" huku amejilaza.

Hoja ya tatu: "Mimi ni dalali tu. Fundi ananiambia mninga, nami naandika mninga."

Hii ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa sababu kijana wangu alikiri kwamba hana karakana, hana stoo, na vitanda vingine anavyouza hajawahi kuviona kwa macho. Anapokea picha kwenye kundi la WhatsApp, anaongeza faida yake, anarusha. Hakim bin Hizam (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mtu anayemjia akitaka kitu ambacho yeye hana, amuuzie kisha akakinunue sokoni. Jibu lilikuwa kwamba asiuze asichokuwa nacho. Udalali ni kazi halali kama unasema wewe ni dalali, mwenye mali unamfahamu, na ujira wako unajulikana. Ukijifanya mwenye mali, umebeba dhima ya mwenye mali. Na mtu anayeapa "wallahi ni mninga" kwa mbao ambayo hajaigusa ameapa juu ya asilolijua. Tumeonywa kuwa kiapo huipeleka bidhaa sokoni lakini hufuta baraka yake.

Hoja ya nne, na hii aliisema kwa sauti ya chini: "Shekhe, nikisema ukweli sitouza. Wenzangu wote wanasema mninga."

Hapa namhurumia, kwa sababu ana mke na watoto na kodi ya nyumba. Lakini mwanangu, wewe unaogopa kukosa mteja wa leo. Hadithi nyingine ya Hakim huyohuyo, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, inatufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Ulishaiona baraka ikifutwa? Ni kila mwezi kubadilisha laini ya simu. Ni kufungua ukurasa mpya kwa jina jipya kwa sababu la zamani limechafuka. Ni kumwona mteja wako wa zamani kituoni ukajificha nyuma ya daladala. Pesa imeingia, amani imetoka.

Jaribu kuandika hivi: "Kitanda cha paini, kimekaushwa, kimepakwa rangi ya mninga, sh. 320,000." Wapo watakaopita. Watakaobaki watakuwa wateja wako miaka kumi.

BIASHARA YA MTANDAONI INA NJIA YAKE HALALI

Asije mtu akasema shekhe kaharamisha kununua kwa simu. La hasha. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah likakubali mikataba inayofungwa kwa njia za mawasiliano za kisasa, kwa masharti yake. Mwaka 1992 likapitisha azimio juu ya istisnai, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu. Mkataba huo unafaa na unawafunga wote wawili, kwa sharti kwamba aina ya kitu, sifa zake na kiasi chake vibainishwe, na muda wa kukabidhi uwekwe. Malipo yanaweza kucheleweshwa au kwenda kwa mafungu.

Na katika madh-hab yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu kilichopo ambacho mnunuzi hakukiona hakiuzwi kwa maneno tu. Madhehebu mengine yameruhusu kikielezwa sifa zake, au yakampa mnunuzi hiari atakapokiona. Mnaona wanazuoni walivyolikazia macho jambo la kuona na kueleza? Wote, pamoja na tofauti zao, wanakimbia kitu kimoja: mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo neno "kitanda kama kwenye picha" halitoshi. Picha haisemi aina ya mbao, haisemi unene, haisemi kama mbao imekauka. Sheria ya nchi nayo iko upande huohuo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Basi anayesema "ukishalipa hakuna kurudisha" hana hoja kwa kadhi wala kwa hakimu, ikiwa alichouza sicho alichokisema.

SASA, NDUGU MNUNUZI

Haki yako kuambiwa ukweli haikuondolei wajibu wa kufumbua macho. Mtume aliingiza mkono ndani ya nafaka, nawe ingiza mkono. Niliketi na fundi wetu mmoja pale msikitini, mzee aliyeshika randa na patasi tangu ujana wake, akanisomesha haya. Nayaandika kama alivyonieleza.

1. Omba video, usikubali picha. Mwambie muuzaji aandike jina lako kwenye karatasi, aiweke juu ya kitanda, arekodi akikizunguka, kisha akigeuze chini juu. Mwenye kitanda atafanya kwa dakika tano. Asiye nacho atakuambia betri imeisha.

2. Tazama pasipopakwa rangi. Chini ya chaga, nyuma ya kichwa cha kitanda, ndani ya droo, kwenye ncha ya mbao iliyokatwa. Rangi huishia mahali fulani, na hapo ndipo mbao husema jina lake. Moyo wa mninga una rangi ya kahawia yenye kuelekea dhahabu au wekundu, na rangi hiyo imeingia mpaka ndani. Kwangua kidogo kwa ufunguo mahali pa siri. Ukikuta weupe chini ya kahawia, huo ni mti mwingine, au ni kingo laini za nje za mti, ambazo si moyo. Paini ina vifundo vya mviringo na harufu ya utomvu. Ukikwangua ukakuta vumbi na vipande vilivyogandana, hiyo si mbao ya kupasua.

3. Pima uzito na mtikisiko. Nyanyua pembe moja ya kitanda au kochi. Likiwa imara, mguu wa jirani hunyanyuka mapema nao. Likijipinda kwanza, au likilia, viungo vyake ni dhaifu. Kisha lisukume kwa ubavu. Samani hufia kwenye viungo kabla ya kufia kwenye mbao.

4. Uliza viungo. Kiungo kizuri kina ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu la mwenzake pamoja na gundi. Kiungo cha misumari mitupu hulegea. Kwenye mbao za kushindiliwa, skrubu ikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu haishiki tena. Kama wewe ni mpangaji unayehama kila mwaka, lifikirie hilo kabla ya kabati.

5. Uliza ukavu. Mbao mbichi hupinda na kupasuka ikishaingia ndani. Droo inayofunguka leo haitafunguka baada ya miezi miwili. Tazama pia vitundu vidogo na unga unaodondoka, hao ni wadudu wanaokuja na kitanda bila kulipiwa nauli. Na sisi wa pwani tukumbuke unyevu: MDF na mbao za kushindiliwa zikilowa kwa maji ya kudekia huvimba kwenye kingo, na uvimbe huo haurudi.

6. Kwenye kochi, usikalie tu. Fungua zipu ya mto, bonyeza sponji kwa ngumi, uone kama inarudi mara moja. Sponji nyepesi inajaa vizuri dukani na kulala chini baada ya miezi michache. Pinda kochi utazame chini yake, chini ya kile kitambaa cheusi, uone fremu ni mbao au ni mabanzi yaliyoungwaungwa. Ukiambiwa ni ngozi, tafuta ncha ya nyuma: ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi za ngozi, na ya bandia ina kitambaa. Ngozi bandia si haramu, ila kwa joto letu huwa inabanduka, na hutakiwi kuilipia bei ya ng'ombe.

7. Andikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Risiti iandikwe: aina ya mbao, vipimo, unene, rangi, siku ya kuleta, na nani analipia usafiri ikirudi. Muuzaji anayeandika "kitanda kimoja" tu, muulize kwa nini kalamu yake imeishiwa wino kwenye neno mninga.

8. Usitume pesa yote. Mpe sehemu ya kununulia mbao, nyingine ikiwa kitanda kimesimama mbele yako. Mzigo uje mchana. Fungua nailoni kabla vijana wa kirikuu hawajaondoka, na atakayekuharakisha mwambie akae anywe maji kwanza. Kama una fundi jirani, mwite aje aangalie na umpe chochote. Ni pesa ndogo kuliko kitanda cha pili.

Na la mwisho kwako mnunuzi, litakuuma kidogo. Wapo kati yetu wanaojua kabisa kuwa si mninga, na wananunua kwa ajili ya macho ya wageni. Anajua ni rangi, naye anawaambia mawifi ni mninga. Huyu amenunua uongo ili auuze tena sebuleni kwake. Soko la ghushi linakua kwa sababu ya muuzaji mwongo, na pia kwa sababu harusi zetu zimekuwa maonyesho ya samani. Binti apewe kitanda imara cha paini kilichoitwa kwa jina lake. Mahari ya heshima haidai mninga wa kopo.

KWENU MAFUNDI NA MAIMAMU WENZANGU

Mafundi wetu wa Keko, na wa kila mtaa wenye karakana, mna mikono ya kujivunia. Mbao mnayoipaka rangi si kosa, rangi ni pambo. Kosa ni jina. Kila mkipeleka kitanda kwa dalali, mwambieni mti wake kwa kweli, na akiugeuza jina, msimpe kingine. Mkinyamaza mnashiriki, kwa sababu mnajua ni jina la kazi yenu linaloharibiwa.

Maimamu wenzangu na walimu wa madrasa, tunafundisha watoto nguzo, udhu na vipengele vya swala, alhamdulillah. Tuwafundishe pia mlango wa biashara, maana kijana anamaliza juzuu akiwa hajui hiari ya kurudisha kitu chenye aibu ni nini, na kesho anafungua ukurasa wa kuuza. Tukimnyamazia muuzaji kwa sababu anachangia ujenzi wa choo cha msikiti, tutaulizwa sisi pamoja naye. Na mlalamikaji akija, tusimtupie methali kama nilivyofanya mimi. Tumsikilize kwanza.

MWISHO WA KISA

Mtauliza, mama yule alirudishiwa pesa? Hapana, mpaka leo hajarudishiwa. Muuzaji yule, kama maneno haya yatamfikia, ajue kwamba deni lake halifutwi kwa kubadilisha laini. Shilingi 320,000 za muuza maandazi zitamsubiri Siku ya Kiyama, mahali ambapo hakuna pesa ya kulipia. Watachukua mema yake wapewe aliowadhulumu. Mlango wa toba uko wazi, ila toba ya mali ya watu ni kuirudisha.

Fundi wetu wa msikitini alikwenda kukitazama kitanda. Akabadilisha chaga, akaubana ubavu kwa mbao mpya, akaongeza mguu wa katikati. Akachukua pesa ya mbao tu. Alipomaliza akamwita mama na binti na mkwe, akawaambia mbele ya mashahidi: "Hii ni paini. Na niliyoongeza ni paini. Nimeikausha mwenyewe. Msiilowanishe, na mkihama msiivute, ifungueni muibebe."

Mama akasema: "Sasa najua binti yangu analalia nini."

Ndugu zangu, hicho ndicho alichokuwa anakitafuta siku zote, na hakikumgharimu fundi senti moja kumpa.

Ewe Allah, tupe riziki ya halali inayotutosheleza, utuepushe na ya haramu. Warehemu wajane wetu wanaohangaika alfajiri, waongoze vijana wetu wanaotafuta kwenye simu zao, na utusamehe sisi tuliojibu kabla ya kusikiliza. Amin.

Mwenye swali aulize kwa adabu, nitajibu baada ya Magharibi in shaa Allah. Mfikishie na ndugu yako anayetaka kununua kitanda, na mfikishie zaidi anayeuza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.